Namba Tatu Kwenye Kigurudumu

9 Januari

Mwanangu Waya,

Hujambo huko? Sisi tunakula, tunalala, tunagombana, yaani familia iko vilevile ulivyoiacha. Paka wa jirani kazaa kwenye kabati lako la vitabu na sikuwa na moyo wa kumfukuza. Mama yako anakusalimia sana, anauliza kama huko kambini mnapewa blanketi. Nilimwambia watu wanaoweza kujenga bwawa hawawezi kushindwa na blanketi, akaniambia nisimjibu kwa mkato.

Yeye mwenyewe mzima, ila kile kikohozi ulichomwacha nacho bado hakijahama. Anasingizia vumbi la vitambaa. Msimu wa sare za shule ndio huu, cherehani haipumziki hata kidogo, na kila nikimwambia aje hospitali nimpige picha ya kifua ananiambia, "Wifi, wewe ukishaona mtu unataka kumtia kwenye mashine." Basi nimemwacha kwanza.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nitafute kalamu. Ni ile kompyuta yangu ya kusomea picha, uliyoitia mfumo wa Linux kabla hujaondoka. Kwa jumla sina ugomvi nayo. Haigandi kama ile marehemu, wala haiombi ruhusa kila saa. Ugomvi wangu ni kigurudumu cha kipanya. Kwenye mafaili na barua kinateleza vizuri tu. Nikifungua programu ya picha, kinatambaa. Kikilia "tik" moja, picha moja. "Tik" nyingine, picha nyingine. Hakuna zaidi ya hapo hata ukikibembeleza.

Wewe hujawahi kukaa nami nikisoma, kwa hiyo nikueleze. Mgonjwa akiingia kwenye CT, mashine inamkata kwa picha, kipande kwa kipande, kutoka shingoni hadi tumboni. Mtu mmoja ana mamia ya picha. Mimi nakaa hapa nazizungusha zote, juu hadi chini, chini hadi juu, ndipo naandika majibu. Na kile kiungo cha kidole changu cha shahada kimevimba tena. Jioni nikifika nyumbani siwezi kufunga kifungo cha blauzi, mama yako ndiye ananifungia na kunicheka.

Benchi la koridoni limejaa watu wanaosubiri majibu. Wengine wanalala palepale. Fundi wa kompyuta wa hospitali akiiona skrini yangu tu anajifanya kapigiwa simu. Nisaidie, mwanangu. Kifanye hicho kigurudumu kikimbie.

Shangazi yako, wa kidole kimoja

*

28 Januari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, nimekonda kidogo ila usimwambie mama. Blanketi ninazo mbili. Nalala kwenye kibanda cha bati pamoja na mpishi wa kambi, mama mmoja mwenye kukoroma kwa mpangilio. Kazi yangu ni kompyuta zote za hapa, zimewekwa ndani ya kontena lenye joto la kuivisha mkate. Mtandao hakuna, simu haishiki. Iko moja ya setilaiti ofisini kwa mhandisi mkuu, nayo ni ya ajali tu. Barua zinakwenda na lori la mboga, kwa hiyo nikichelewa kujibu laumu mboga.

Hilo la mama limenikera. Kikohozi gani hicho cha tangu mwaka jana? Shangazi, mbebe. Mwambie nimesema mimi. Mwambie asipopiga picha sitaandika tena, ingawa wote tunajua nitaandika.

Kigurudumu chako ni kazi ndogo mno, nimecheka peke yangu. Nimekuwekea karatasi ya pili yenye mistari ya kuandika, usibadilishe hata nukta. Utapata kiprogramu kidogo kinachokaa katikati ya kipanya na ile programu yako ya picha. Wewe ukizungusha mara moja, chenyewe kinaiambia programu umezungusha mara nyingi. Mwisho wa mstari wa nne utaona namba 1. Ifute, andika 3. Hapa kambini wote nimewawekea tatu kwenye programu za maandishi na hakuna aliyelalamika. Utaona kinavyokimbia, kidole chako kitapumzika na benchi litapungua watu.

Ukikwama mshike yule fundi anayekimbia, mfungie mlango.

Waya

*

20 Februari

Mwanangu,

Hujambo kwenye hilo kontena lako? Huku wazima wote. Watoto wa paka wamefumbua macho, wamekula kona ya kitabu chako cha hesabu, na mimi naona wana akili.

Binti yangu, nakuvulia kofia. Nilikaa na karatasi yako mchana mzima nikiandika herufi moja moja huku nimetoa ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Nikafuta moja, nikaweka tatu. Nikafungua programu ya picha, nikagusa kigurudumu. Jamani, kilikimbia. Kifua kizima kinapita mbele yangu nikiwa sijachoka hata ukucha. Wiki hii benchi limebaki na watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekuja kuegemea tu. Mkuu wa idara alipita akaniuliza nimepata msaidizi? Nikamwambia ninaye, yuko porini anajenga bwawa.

Na mama yako nimembeba. Nilimvizia akiwa amemaliza bunda la sare, nikamtia kwenye teksi na mkasi bado uko mfukoni. Akapigwa picha ya CT huku akinuna. Nikamsoma palepale, juu hadi chini, chini hadi juu. Safi. Hamna kitu. Nikatoka koridoni nikamwambia, "Wifi, kifua chako ni cha msichana." Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimempotezea siku kwa ajili ya kumwambia anachokijua, akarudi zake kushona. Nikamwandikia dawa ya mzio wa vumbi. Basi tulia, lala, na blanketi zako mbili.

Kidole kinakushukuru.

Shangazi

*

14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mko wazima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Toa ile tatu. Kabla hujasoma mstari unaofuata, simama, nenda kwenye kompyuta, rudisha moja.

Sasa nikueleze. Nilipopata barua yako ya sifa kichwa kilivimba. Hapa kuna mpimaji wa miamba. Wanatoboa mashimo marefu ardhini, wanashusha kamera, halafu yeye anakaa na kuzungusha picha za mwamba moja baada ya moja kutoka juu hadi chini ya shimo. Kama wewe na watu wako. Nikamwambia nina dawa ya kidole, shangazi yangu daktari ameipitisha. Nikamwekea tatu. Akafurahi kama wewe.

Juzi alisaini kwamba mwamba wa upande wa kushoto ni mzima, ukuta wa bwawa ujengwe juu yake. Mwenzake akazitazama picha zilezile kwenye kompyuta ambayo sikuigusa, akapiga kelele. Kuna ufa unaoingia kiganja cha mtu. Wakaja kontenani wote wawili na mhandisi nyuma yao. Mpimaji akazungusha kwake: mwamba mzima. Akarudia: mwamba mzima. Mhandisi akaniuliza, "Kwa nini kwake haupo?" Nikakaa kwenye kiti chake, nikazungusha "tik" moja huku nikitazama namba ya picha pembeni. Ikatoka kumi ikaenda kumi na tatu. Kumi na moja na kumi na mbili zilipita bila kuchorwa mbele ya macho. Ufa ulikuwa humo.

Shangazi, sikukuongezea kasi. Nilikurusha juu ya picha. Kwenye maandishi ukiruka mistari mitatu, mistari yote bado iko mbele yako, unaisoma. Nilidhani picha nazo ni vivyo hivyo. Kwenye picha, iliyorukwa haijaonwa na mtu yeyote. Na mimi nilisoma kabisa kwenye barua yako kwamba ni kipande kwa kipande, nikakusoma nikicheka.

Nimeomba ile simu ya setilaiti, imepelekwa mjini kutengenezwa. Nimeomba ruhusa ya kuondoka, mvua imeng'oa daraja. Kuna kamba imefungwa kuvuka mto, inabeba mfuko tu, haibebi mtu. Barua hii inavuka kwa hiyo kamba, na baada ya hapo sijui itakaa wapi kwa muda gani.

Na mama ulimsoma kwa tatu. Msome upya. Msome wa kwanza. Niambie umeona nini.

Waya

*

11 Aprili

Mwanangu Waya,

Hujambo? Huku tunaendelea. Mvua imekuwa nyingi, paa la jikoni linavuja upande wa dirisha, tumeweka ndoo. Watoto wa paka wamegawiwa majirani, amebaki mmoja asiyetakiwa na mtu, analala juu ya viatu vyangu.

Barua yako ilifika wiki iliyopita, imelowa, wino umesambaa, lakini neno "toa" lilisomeka. Niliisomea koridoni nimesimama. Nilipofika kwenye namba za picha, kumi kwenda kumi na tatu, niliurudia mstari. Nikakaa sakafuni na koti langu jeupe. Watu wa benchi wakadhani nimefiwa, mama mmoja akaja kunishika bega akaniambia pole. Sikuweza kumwambia kwamba majibu yake yeye ndiyo niliyokuwa nayawaza.

Nimefuta tatu. Nimerudisha moja. Miaka yote hii nimekaa kwenye kiti hiki, mwanangu, na sikutazama namba ya picha pembeni hata mara moja. Ninatazama mapafu, maini, mifupa. Namba ni ya mashine, si yangu. Ndivyo nilivyojizoeza.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara, nikamwambia yote, ila nikamwambia kigurudumu nimekichezea mwenyewe. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Aliinuka akafunga mlango akaniuliza, "Wangapi?" Sasa nawasoma upya wote niliowasoma tangu siku ile, na kila ninachosoma daktari mwingine anakisoma nyuma yangu. Wengi majibu yao ni yaleyale. Dereva mmoja ana kijiwe cha figo nilichokipita, ameitwa na anatibiwa. Mwalimu mmoja ana uvimbe mdogo kwenye ini, amechunguzwa, ni wa kawaida, hauna neno. Nilipompigia simu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, na mara zote mbili nilimsomea majibu upya, neno kwa neno.

Kidole kimevimba sasa kuliko mwanzo. Kinastahili.

Mama yako anakusalimia. Anashona.

Shangazi

*

1 Mei

Shikamoo Shangazi. Nisamehe, leo salamu ni hiyo moja.

Nimeisoma barua yako, nikageuza karatasi nyuma, nikakung'uta bahasha. Dereva yumo. Mwalimu yumo. Paka yumo, na ndoo ya jikoni imo. Mama anashona.

Nilikuomba umsome wa kwanza. Wewe hujawahi kuniandikia barua ambayo mama hajakutukana ndani yake walau mara moja, na katika hii, baada ya salamu, ameandikwa neno moja. Mimi si mtoto. Umeona nini?

Kama ni safi ungeandika safi. Nimelala na hilo "anashona" usiku kucha, mpishi akanifunika blanketi yake akanibembeleza bila kujua kuna nini.

Niambie.

Waya

*

17 Mei

Mwanangu,

Sikuulizi hujambo, najua una jambo.

Nilimsoma wa kwanza. Kabla ya kwenda kwa mkuu wa idara, kabla sijamjua dereva wala mwalimu. Niliweka moja, nikafungua kifua cha mama yako, nikashuka "tik" kwa "tik". Pafu la kulia, upande wa juu, kuna doa. Kubwa kama punje ya dengu, basi. Linaonekana kwenye picha mbili tu. Kwenye ya tatu halipo, na ya tatu ndiyo niliyokuwa nimeitazama mwezi wa pili, nikatoka koridoni nikamwambia kifua chake ni cha msichana. Nilibaki na picha hiyo mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza tuchukue kipande chake tupime, labda liwe bure. Tumechukua, yeye akidhani ni kipimo cha kikohozi. Si bure. Ndilo lile neno tusilopenda kulitaja nyumbani kwetu tangu lilipomchukua marehemu baba yako.

Sasa sikiliza sehemu yenye uhai ndani yake. Daktari wa upasuaji anasema ni dogo, halijasambaa popote. Likikatwa sasa hivi ana nafasi kubwa ya kupona. Likiachwa mpaka likue, yeye hataahidi mtu kitu.

Na mama yako amekataa.

Hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa anapinda ukingo wa sketi ya shule, hakuinua hata mguu kwenye cherehani. Aliniambia, "Wifi, uliponiambia niko safi ulikuwa na uso huohuo. Nikakuamini, nikacheka, nikarudi kushona. Leo unaniambia nina doa, na uso ni uleule. Sasa nikupime kwa kitu gani?" Nikamwambia mashine ilikosea. Akanitazama juu ya miwani. "Basi huenda leo ndiyo imekosea zaidi. Siwezi kupasuliwa kifua kwa ajili ya mashine inayobadili maneno."

Nimemletea majibu ya maabara, kasema nayo ni ya mashine; nimemletea picha iliyochapishwa. Kaitazama, kaniambia doa hata pasi huacha. Nimemleta daktari wa upasuaji nyumbani, kampa kiti, kampimia suruali iliyofumuka, kamrudisha kwake na jibu lilelile. Hataki. Na mimi, Waya, mdomo wangu umekwisha nguvu. Kila nikianza kusema naona jinsi alivyocheka ile siku koridoni.

Mtu mmoja anaweza kumwambia kitu akasikia, naye yuko ng'ambo ya mto. Niambie nifanye nini. Daktari ametupa nafasi mwishoni mwa mwezi wa sita. Baada ya hapo anakwenda masomoni.

Shangazi

*

29 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliifungulia mtoni palepale, mfuko ulipotua. Yule anayevuta kamba aliniuliza kama nataka maji. Nilirudi kambini nikapita mlango wa kontena, nikapita na kibanda, nikajikuta kwenye uzio wa mwisho nimeshika seng'enge.

Sina la kukuambia kuhusu moyo wangu, na ukiniambia pole nitakasirika.

Ila kuna neno moja umemwambia mama ambalo si kweli, na ndilo linalomfanya akatae. Mashine haikukosea. Siku ile ya mwezi wa pili iliona doa, ikalipiga picha mbili, ikazihifadhi. Zilikuwemo ndani ya kompyuta wakati mama anacheka. Sisi ndio tuliziruka, wewe kwa kidole na mimi kwa namba. Umemfundisha asiiamini mashine, na mashine ndiyo peke yake iliyosema kweli tangu mwanzo.

Mama hatukuwahi kumshinda kwa maneno, si wewe, si mimi, si baba. Anaamini anachoshika. Mtu akimwambia mshono ni imara, yeye anauvuta. Basi mvutishe.

Mkalishe kwenye kiti chako. Kipanya kiwe mkononi mwake, wewe rudi nyuma usiguse kitu. Weka tatu kama ilivyokuwa siku ile, azungushe mwenyewe, aone ulichokiona. Halafu mbele ya macho yake futa tatu, weka moja, azungushe tena picha zilezile. Zilezile za mwezi wa pili, usimwonyeshe mpya. Hapo hakuna uso wa mtu wa kupima.

Na akiuliza nani aliweka tatu, mwambie. Usiseme nimekichezea mwenyewe kama ulivyomwambia mkuu wako wa idara. Yeye nimemwandikia barua yake, imo kwenye mfuko huuhuu. Kwa mama sema jina langu.

Daraja wanalijenga upya. Lori la kwanza litakalovuka nitakuwa juu yake, hata kama ni juu ya viazi.

Waya

*

24 Juni

Mwanangu Waya,

Mama yako ametoka chumba cha upasuaji juzi. Amezinduka, anapumua mwenyewe, na jana ameniambia shuka za hospitali zimepindwa na mtu mvivu. Daktari anasema doa lote limetoka na pembeni yake pako salama. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta. Mengine yasome taratibu, mmoja mmoja.

Nilimpeleka saa za mchana, wagonjwa wamekwisha. Alikuja kwa sababu nilimwambia kuna kitu umekituma wewe, na kweli ulikituma. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Akavua miwani ya kushonea akavaa ile ya mbali, kisha akarudisha ya kushonea. Nikaweka tatu. Nikasogea mpaka ukutani, mikono nyuma, kama ulivyoniagiza.

Akazungusha. Nilimwambia hapa ni shingo, hapa mapafu yanaanza, haya meusi ni hewa, halafu nikanyamaza. Alishuka mpaka tumboni. Akasema, "Sioni kitu." Nikamwambia, "Na mimi sikuona." Akanigeukia, akarudi kwenye skrini.

Nikafuta tatu mbele yake, nikaweka moja. Kidole changu kiligonga vitufe vibaya mara mbili, akanisubiri. Akazungusha tena. Safari hii alikwenda kwa mwendo wa kushona kitambaa cha watu, "tik", anatazama, "tik", anatazama. Alipofika juu ya pafu la kulia mkono ukasimama. Sikumwonyesha kwa kidole, nakuapia. Aliliona peke yake. Akasogeza moja mbele, likapotea. Akarudi, likatokea. Akafanya hivyo mara nyingi, mbele na nyuma, akisema kwa sauti ya chini, "Lipo. Halipo. Lipo. Halipo."

Akauliza nani aliweka tatu. Nikamwambia. Hakunigeukia. Kisha akasema, "Alitaka kidole chako kipone," na hakusema zaidi juu ya hilo mpaka leo. Ukija atakuambia mwenyewe au hatakuambia, usimlazimishe.

Mkuu wa idara ameipata barua yako. Anasema ukirudi akuone, na ukutani juu ya kiti changu ameshaandika kwa mkono wake kwamba mtu asiguse kigurudumu bila kutazama namba. Hayo baadaye.

Ninachotaka ujue ni kilichofuata. Nilimwekea mbele karatasi ya kukubali kupasuliwa. Hakuigusa. Akaniambia, "Wifi, hebu rudisha ile tatu." Nikashtuka, nikadhani ndiyo basi, tumemkosa. Nikabisha. Akasema, "Irudishe, nimekuomba."

Nikairudisha. Akaanza upya kutoka shingoni, polepole, mpaka chini, halafu akapanda mpaka juu. Kifua chake kikapita chote, cheusi, safi, hakina doa, kama nilivyomwambia ile siku aliyocheka. Alikitazama hivyo mpaka mwisho, akasema, "Kumbe uliniambia ulichokiona." Kisha akakiachia kipanya, akaivuta ile karatasi karibu yake, akaniuliza asaini wapi.

Njoo, mwanangu. Anakuuliza kila asubuhi.

Shangazi yako